Mgongo Ukigusa Mchanga: Kumsoma Upya Okonkwo Baada ya Kupigwa Roba

Nianze na aibu, maana huko ndiko makala hii ilikozaliwa. Mwaka jana nilipanda basi Mtwara alfajiri, nikafika Dar es Salaam jioni miguu imevimba, na kesho yake nikaingia kwenye mashindano ya jiu-jitsu ya Kibrazili nikiwa na mkanda mweupe na miezi 9 ya mazoezi. Pambano langu la kwanza lilipangwa kuwa la dakika 5. Halikufika 2.

Kushindwa kwenyewe si habari. Mwanafunzi anayeingia ulingoni mara ya kwanza kazi yake ni kushindwa. Habari ni namna nilivyoshindwa. Mpinzani wangu, kijana mwembamba niliyekuwa nimeshamdharau kwa macho, alinishika kola, akanivuta, akanipiga mtama safi. Nikaenda chini chali. Na hapo, wadau, nikamwachia. Mikono ililegea yenyewe. Nilikuwa nimeanza hata kutabasamu, lile tabasamu la "haya bwana, umeniweza", nikingoja anipe mkono aniinue. Mwenzangu hakuwa na habari ya mkono. Alipanda kifuani, akaikunja kola ya vazi langu shingoni mwangu mwenyewe, akanipiga roba. Nje ya mkeka nilimsikia mwalimu wangu akipiga kelele, "Bado! Bado!" Nilipoelewa ana maana gani, nilikuwa tayari nagonga mkeka kuomba kuachiwa.

Baadaye, tumekaa ukutani na chupa za maji, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, mbona uliacha kabla hujashindwa?"

Sikuwa na jibu. Nililipata njiani kurudi, mahali fulani baada ya Nangurukuru, na jibu lenyewe likaniletea kitabu. Kwa hiyo hii ni makala ya uhakiki, msinikimbie. Ni makala juu ya *Shujaa Okonkwo*, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 aliyoitafsiri Clement Ndulute na kuchapishwa na East African Publishing House mwaka 1973. Ila siwezi kuiandika bila kupitia ufukweni kwanza.

Sheria ya Msimbati

Mimi ni mtoto wa Msimbati, kile kipande cha ardhi kinachojichomoza baharini kusini mwa Mtwara mjini, kabla hujafika mdomo wa Mto Ruvuma. Siku hizi watu wanapafahamu kwa gesi ya Mnazi Bay na kwa hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Sisi tulipafahamu kwa mchanga. Maji yakitoka, ufuko unakuwa mpana na mgumu, na jioni wavuvi wakishamaliza kugawana samaki, vijana wanashikana mieleka. Hakukuwa na mwamuzi wala saa. Kulikuwa na sheria moja: mgongo ukigusa mchanga, umekwisha. Anayeanguka anacheka, anajipangusa, anapewa mkono. Ukiendelea kupigana uko chini, watu watakuona huna adabu.

Basi ndiyo hiyo. Pale Dar mwili wangu ulifuata adabu ya Msimbati. Mgongo uligusa, ukasema tumekwisha.

Bingwa wa ufuko ule nilipokuwa mdogo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Sitamtaja jina. Watu walisema mgongo wake haujui mchanga ni baridi au moto. Aliishia darasa la 7 lakini alikuwa na kitabu kimoja, *Shujaa Okonkwo*, kisicho na jalada, sijui alikipata wapi. Baadhi ya jioni alinikalisha barazani kwa mama akaniambia, "Mjomba, nisomee." Sisi huitana hivyo pande zote mbili, mjomba na mpwa wote ni mjomba. Nami namsomea mwanzo. Okonkwo mwenye umri wa miaka 18 anamwangusha Amalinze, mpiga mieleka aliyekaa miaka 7 bila kushindwa, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi. Mjomba anacheka kwa furaha. Tukifika mbele kidogo, kwenye habari za Unoka, baba yake Okonkwo, mpiga filimbi mwenye madeni kila nyumba, ananikatisha: "Hapo pametosha. Rudia pale pa Paka."

Kitabu hicho ninacho. Kurasa za mwanzo zimelegea, zimeshika mafuta ya vidole. Ukifika nusu, karatasi ni safi kama ya dukani.

Jina lililoficha anguko

Nilipokisoma tena baada ya Dar, kitu cha kwanza kilichonigonga ni jina. Achebe kwa Kiingereza alikiita kitabu chake *Things Fall Apart*, maneno aliyoyachukua kwa mshairi wa Ireland, W. B. Yeats. Ni jina la kuanguka na kusambaratika kwa vitu. Hakuna mtu ndani yake, na shujaa ndiyo kabisa hayumo. Toleo letu la Kiswahili likaweka mtu mlangoni, likamvika na cheo: *Shujaa Okonkwo*. Anguko likatoka kwenye jalada.

Simlaumu mtafsiri. Jina la kitabu ni mlango wa duka, na mwaka 1973 mlango wenye neno "shujaa" ulikuwa na kazi ya kufanya. Tafsiri yenyewe imetupa Waafrika wa Kiswahili riwaya ambayo bila yake wengi wetu tusingeigusa. Nasema tu kwamba jina lina nguvu ya kumwelekeza msomaji mahali pa kukaa. Mjomba wangu alikaa pale alipoelekezwa. Alisoma habari za shujaa, na shujaa yuko ukurasa wa kwanza. Kitabu kinachohusu kuanguka kinaanza mbele zaidi, mahali ambapo karatasi zetu bado ni safi.

Na tusijidanganye kwamba ni yeye peke yake. Waulize watu wazima kumi waliosoma kitabu hiki wakakumbuka tukio moja. Wengi watakupa Paka. Wengine watakupa kifo cha Ikemefuna. Mwulize mtu akusimulie Mbanta. Atakuambia, "Ah, pale alipokimbilia uhamishoni," kama anayekuambia pale basi liliposimama kuchimba dawa.

Mchezo unaoanzia chini

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu jiu-jitsu, maana bila hiyo hoja yangu haisimami. Mchezo huu ni mtoto wa judo. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, alifika Brazili mwaka 1914. Huko utaalamu wake uliingia katika familia ya akina Gracie, na familia hiyo ikaukuza upande mmoja hasa: kupigana mkiwa chini. Wamakonde wenzangu wa ng'ambo ya Ruvuma huyashika majina ya mchezo huu haraka kwa sababu Kireno si lugha ngeni kwao. Mwalimu wetu mwenyewe anatoka Pemba, ile ya Msumbiji, si ya karafuu. Anatufundisha katika ukumbi mdogo mtaa wa Majengo, juu ya mikeka ya mpira tuliyochangishana.

Somo la kwanza alilotupa lilinikera. Alituambia tulale chali. Akasema mgongo wako ukiwa chini na miguu yako ikiwa kati yako na adui, hujashindwa, umeshika ngome. Kutoka pale unaweza kumpindua, na ukimpindua unapata pointi 2. Unaweza kumshika mkono ukaunyoosha mpaka agonge. Unaweza kumkaba kwa miguu. Mtu mdogo kuliko mwenzake kwa kilo 20, alisema, pale chini ndipo pana nafasi. Nilimsikiliza kwa masikio, mwili ukakataa. Kwa miezi 9 nilifanya mazoezi ya kulala chali kama mtu anayefanya hisabati za mtu mwingine.

Kisha kuna kugonga. Ukibanwa mahali ambapo hatua inayofuata ni kuvunjika mkono au kupoteza fahamu, unagonga mara mbili, mkeka au mwili wa mwenzako, naye anaachia papo hapo. Mnashikana mikono, mnaanza upya. Katika saa moja ya mazoezi naweza kugonga mara 8. Kiswahili kina maneno mengi ya kushindwa: kula mweleka, kusalimu amri, kunyoosha mikono, kuchemka. Yote yana ladha ya mwisho. Hakuna hata moja lenye maana ya kushindwa saa 11 na dakika 5 na kuanza tena saa 11 na dakika 6.

Hata mabingwa wa mchezo huu walipata tabu na jambo hilo. Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, mtu mkubwa kuliko yeye na bingwa wa judo. Kimura alimshika mkono, akaupinda nyuma. Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos, aliyekuwa pembeni, ndiye aliyelisimamisha pambano. Mnajua Wabrazili wakafanya nini na kile kipigo? Wakakipa kile kishiko jina la mshindi. Hadi leo, kuanzia Rio hadi Majengo, mwanafunzi anayejifunza kuupinda mkono ule anajifunza "kimura". Walioshindwa wakaweka kushindwa kwao kwenye mtaala.

Mambo mawili nilibeba kutoka pambano hilo hadi kwenye riwaya. La kwanza, anguko linaweza kupewa jina na kufundishwa. La pili, asiyeweza kugonga anahitaji ndugu pembeni wa kumgongea.

Mbanta ikisomwa kutoka Mtwara

Okonkwo alikuwa na ndugu huyo. Anaitwa Uchendu.

Kumbukeni kisa. Kwenye mazishi ya mzee Ezeudu bunduki ya Okonkwo inalipuka na kumuua mtoto wa marehemu. Ni bahati mbaya, na adhabu yake ni kuondoka Umuofia kwa miaka 7. Anakwenda Mbanta, kijiji cha mama yake. Ona hesabu ya Achebe: Paka alikaa miaka 7 bila mgongo kugusa ardhi, na aliyemwangusha Paka anapewa miaka 7 ya kukaa chini. Sikumbuki kuona mwalimu yeyote akituonyesha hilo.

Anayempokea Mbanta ni Uchendu, mdogo wake mama yake. Kwa Kiswahili: mjomba. Mzee huyu anampa kiwanja cha kujenga na shamba la kulima, na wanawe wanamchangia mbegu za viazi vikuu. Kisha anawakusanya jamaa na kumuuliza Okonkwo swali mbele yao: kwa nini watu huwaita watoto wao wa kike Nneka, jina lenye maana kwamba mama ndiye mkuu, wakati ukoo ni wa baba? Okonkwo hajui. Mzee anajijibu. Mambo yakiwa mazuri mtu ni wa baba yake, yakiharibika anakimbilia kwa mama. Halafu anahesabu misiba yake: wake aliowazika, watoto 22 aliowazika, na anamwambia kwamba pamoja na yote hayo hakujinyonga, bado yupo.

Msomaji wa Umuofia analisoma tukio hili kama faraja ya njiani. Sisi wa Mtwara hatuwezi. Wamakonde kwa jadi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo majirani zetu Wamwera, Wayao na Wamakua. Kwetu mjomba hajakuwa ndugu wa akiba wa kukimbiliwa siku ya shida. Kwa jadi yetu mjomba ndiye mlango wenyewe. Kwa hiyo mtu wetu anayemsoma Okonkwo akiwa kanuna Mbanta kwa miaka 7, akihesabu siku za kurudi kwa "wanaume", anamwona kijana aliyekaa nyumbani akidhani yuko gerezani. Mtoto wa kike anayezaliwa huko anampa jina Nneka, na Achebe anasema wazi kwamba alifanya hivyo kwa adabu tu kwa jamaa za mama yake. Miaka 2 baadaye anazaliwa wa kiume, anamwita kwa jina lenye maana ya aliyezaliwa nyikani. Nyikani! Mjomba amekupa mbegu, wewe unaita nyika. Sisi walaji wa ming'oko tunaijua thamani ya mtu anayekupa cha kupanda.

Hapo ndipo ninaposema sehemu ya pili ya riwaya hii ndiyo moyo wake. Uchendu anamfundisha Okonkwo kulala chali. Anamwambia kwa lugha yake: uko chini, sawa, na hapa chini pana kazi. Mwanafunzi anasikiliza kwa masikio, mwili unakataa. Namfahamu sana mwanafunzi huyo.

Mwisho wake mnaujua. Anarudi Umuofia, anamuua tarishi wa mahakama ya wakoloni kwa panga, anaona wenzake hawamfuati, anajitia kitanzi. Sikuwahi kuliona jambo hili hadi safari hii: Achebe anaufunga mlango aliofungua ukurasa wa kwanza. Mtu aliyepata jina kwa kuugusisha ardhi mgongo usiowahi kuiguta anakufa akiwa ananing'inia, mwili wake hewani. Na kwa kuwa kujiua ni chukizo kwa Ardhi, ndugu zake hawawezi hata kumshusha wala kumzika. Inabidi waombwe wageni. Alikataa maisha yake yote kuwekwa chini, na chini nako kukamkataa.

Liyongo naye

Nisimwonee Okonkwo peke yake, maana sisi wa pwani tuna wetu. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika mwaka 1913 utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa asiyeshindwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe mwenyewe anatumwa, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde. Na anafia pale pale, katika mkao ule ule. Siku zinapita, mji mzima unakosa maji, hakuna anayethubutu kusogea kwa sababu wanamwona shujaa amekasirika. Wanamwendea nani awasaidie? Mama yake. Anakuja kumbembeleza mwanawe aliyekwisha kufa, naye mwishowe anaanguka.

Utotoni hadithi hiyo ilinipa fahari: hata maiti yetu inatisha. Sasa naisoma nikimwangalia yule mama. Tumepewa shujaa ambaye hata kufa hakukutosha kumlaza, na mji uliokaa na kiu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mtu yule tayari amekwisha. Na kwa Liyongo kama kwa Okonkwo, ikifika zamu ya kuanguka anaitwa mtu wa upande wa mama.

Pingamizi lenye haki

Msomaji makini ameshanikunjia uso. Je, namshauri Okonkwo agonge mkeka mbele ya mkoloni? Wazee wetu wa kusini waliopigana Maji Maji kuanzia mwaka 1905 nao wangegonga?

Pingamizi hilo lina uzito, na linaonyesha mfano wangu unapoishia. Kugonga kunafanya kazi kwa sababu yule aliyekubana ataachia. Kule ni kumwamini mtu. Mkuu wa wilaya aliyemfunga Okonkwo na wenzake hakuwa mtu wa kuachia ukigonga. Mbele ya huyo sina ushauri wa jiu-jitsu, na ningejiona mjinga kuutoa.

Lakini soma tena uone Okonkwo alikosa kugonga mbele ya nani. Hakuwahi kugonga kwa Uchendu. Hakuwahi kugonga kwa rafiki yake Obierika, aliyemtunzia mashamba na kumpelekea fedha za viazi Mbanta. Hata kwa binti yake Ezinma, aliyemwelewa kuliko wote, hakuonyesha kitu zaidi ya kutamani angekuwa mvulana. Watu wake wote walikuwa tayari kuachia, na wote aliwapigania kama adui. Tatizo ninalolisema ni hilo: mtu ambaye hawezi kuonekana chini hata na watu wa kwao.

Masasi

Mjomba wangu mambo yalimharibikia baharini, nyavu na deni na mashua. Akavuka Ruvuma kwenda kwenye rubi za Montepuez, kama walivyovuka vijana wengi wa Mtwara. Mwaka 2017, Watanzania wengi walipoondolewa kwenye machimbo yale, alirudi nao. Alivukia Daraja la Umoja pale Mtambaswala bila kitu mkononi. Hayo tuliyajua baadaye.

Hakufika nyumbani. Aliishia Masasi, akapanga chumba, akawa anabeba magunia sokoni. Masasi na Mtwara ni takriban kilomita 200, nauli isiyomshinda mbeba magunia. Mama alikuwa na mkeka wa kaka yake umekunjwa nyuma ya mlango miaka yote hiyo, na kila mtu aliyetoka Msumbiji alimwuliza. Mtu mmoja akamwona Masasi, akatuambia, nikaenda. Mjomba alinipokea vizuri, akaninunulia soda, akaongea habari za mpira. Nilipomwambia twende, mama anakungoja, akasema, "Siwezi kwenda hivi, mjomba. Subiri nisimame kwanza."

Nilikuwa na miaka 20 na kitu. Nikaona ni jibu la kiume. Nikamwacha. Baada ya mwaka mmoja na nusu tuliitwa kumchukua, ugonjwa ambao hakumwambia mtu. Tulimrudisha Msimbati tukamlaza mchangani, na mama hakunilaumu kwa neno hata moja. Alisema tu, "Ungemwambia aje amelala."

Miaka imepita ndipo nimeelewa kwamba siku ile Masasi mimi nilikuwa pembeni ya ulingo, kama Carlos, na taulo mkononi. Sikulirusha. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa Paka mara nyingi mno.

Fasihi ya walio chini

Ninachokidai kwa waandishi wetu ni kidogo. Tuna mashujaa wa kutosha waliosimama hadi mwisho. Nataka riwaya za Kiswahili zinazoanza pale mgongo unapogusa mchanga. Zipo za kujifunzia. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, katika *Afterlives* ya mwaka 2020 anampeleka Hamza kwenye vita ya Wajerumani kama askari wa kujitolea. Hamza anajuta mapema, anakatwa panga la kijeshi na mkubwa wake mwenyewe, anarudi mji wa pwani akichechemea, hana jina wala ndugu. Kitabu cha mtu mwingine kingeishia hapo. Gurnah hapo ndipo anapomtafutia kazi ghalani, chumba cha kulala na mke. Hamza hamwangushi mtu hata mmoja. Anakubali kupokelewa, basi. Nimemaliza kitabu kile nikajiuliza kwa nini mtu yule mlegevu amenikaa moyoni kuliko mashujaa wote wa mjomba.

Na *Shujaa Okonkwo*? Kisomeni, jamani, na msomeni Uchendu taratibu. Kama kuna siku kitachapishwa upya, ningependa jalada lirudishe anguko mahali pake. Wakishindwa, basi tuwasomee watoto kuanzia Mbanta, Paka watamkuta baadaye.

Dar niliwaambia habari ya pambano la kwanza tu. Kulikuwa na la pili, la kugombea nafasi ya 3, maana kundi letu lilikuwa na watu wanne tu. Mpinzani huyu naye aliniangusha, pointi 2. Mgongo ukagusa. Safari hii nilimsikia mwalimu kabla hajasema. Nikaweka miguu katikati, nikamshika mkono wa vazi, nikasukuma kiuno, na yule jamaa akapinduka. Pointi 2 zangu, za kwanza na za mwisho. Baadaye aliipita miguu yangu akapata 3, saa ikaisha, 5 kwa 2. Nimeshindwa mapambano yote mawili.

Niliporudi Mtwara nilikwenda Msimbati kumwona mama, shingo bado ina alama ya kola. Aliitazama, akaniuliza nimefanywa nini. Nikamwambia nimepigwa, mama, mara mbili, mbele za watu. Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika barazani.

"Lala hapo," akasema, "nikuletee chai."